Maji ya Kisima cha Mchafukoge

Jina la Mchafukoge ukilikata katikati unapata maneno mawili, mchafu na koge. Koga ni namna ya watu wa pwani ya kusema kuoga, kwa hiyo jina zima linasikika kama agizo la mama kwa mtoto aliyetoka kucheza: aliye mchafu na akoge. Visa vya nani aliambiwa hivyo, na lini, ni vingi, na kila mzee wa mtaa anacho chake. Mimi huvisikiliza vyote kwa furaha na sikati shauri. Kinachonivuta ni kwamba mtaa umebeba uchafu na maji katika neno moja, na kwamba historia yake ni historia ya vitu hivyo viwili kukaa jirani mno.

Kata yenyewe ni ndogo. Mtu akitoka stesheni ya Reli ya Kati akashika njia ya Mnazi Mmoja anaweza kuivuka kabla hajatoka jasho. Ng'ambo ya uwazi wa Mnazi Mmoja iko Kariakoo, ambako nchi nzima huja kununua kila kitu. Watu wanaopita hapa kwa siku ni wengi kuliko wanaolala, na wote, wanaopita na wanaolala, wanakunywa maji na wanakwenda chooni. Naomba msomaji asione haya kwa neno hilo, maana bila choo makala hii haina habari.

Seyyid Majid wa Unguja alipoanza kujenga hapa mwaka 1862, jirani ya kijiji cha wavuvi cha Mzizima, mji ulikunywa maji ya visima. Ardhi ya pwani yetu ni mchanga, na chini ya mchanga, si mbali, yako maji ya mvua yaliyozama na kutulia. Chini zaidi kuna tabaka la udongo wa mfinyanzi, na chini ya huo mchanga mwingine wenye maji yake. Mtu mwenye jembe na kamba alikuwa na maji nyumbani kwake kwa kazi ya siku chache. Hiyo ilikuwa neema kubwa, na neema hiyo hiyo ndiyo iliyotuponza, maana mchanga unaopitisha maji ya mvua hadi kisimani haubagui, unapitisha na vingine.

Wajerumani waliufanya mji kuwa makao makuu ya koloni mwaka 1891, na mwaka huo huo wakatoa kanuni za ujenzi zilizougawa mji mafungu matatu. Fungu la kwanza lilikuwa la nyumba za namna ya Kizungu, la pili la nyumba imara za mawe, la tatu la nyumba za namna yoyote, yaani za udongo, miti na makuti. Kanuni zilitaja vifaa vya ujenzi, lakini kila aliyezisoma alijua zinataja watu. Baada ya vita vya kwanza Waingereza waliurithi mgawanyo huo na kuukaza. Kambi ya wapagazi wao wa vita, Carrier Corps, ikaacha jina ambalo midomo ya Waswahili ililigeuza kuwa Kariakoo. Kati ya Kariakoo na Uhindini wakaacha uwazi wa Mnazi Mmoja, ambao kazi yake katika mawazo ya mabwana afya wa wakati ule ilikuwa kuzuia maradhi yasivuke. Uwazi huo baadaye tuliufanyia mikutano ya siasa na sherehe za uhuru, tukaupa heshima ambayo walioupima hawakuitarajia.

Ninayataja hayo kwa sababu mabomba ya maji taka yalifuata mafungu. Katikati ya mji, mabomba yalichukua uchafu na kuumwaga baharini. Kwingineko kila nyumba ilijitegemea. Nyumba ya Kiswahili, ile ya vyumba sita na ukumbi katikati, ilikuwa na ua nyuma, na uani palikuwa na jiko, choo cha shimo na aghalabu kisima. Kiwanja kilikuwa kidogo, basi kisima na choo vilisogeleana kwa hatua chache. Mwenye nyumba hakuwa mjinga. Alichimba penye nafasi, na nafasi alipimiwa na mwingine.

Uwazi wa Mnazi Mmoja ulidhaniwa utazuia mbu na tauni. Chini ya ardhi hakuna uwazi. Maji ya chini hayajui fungu la kwanza wala la tatu.

Sasa niseme ni nini kinachotembea humo. Mkojo wa mtu una naitrojeni nyingi, iliyotokana na maharage, samaki na nyama aliyokula. Ndani ya shimo naitrojeni hiyo hugeuka amonia, ndiyo ile harufu inayochoma macho. Amonia ikishuka mchangani penye hewa, bakteria wa udongo huila na kuigeuza naitraiti, na wengine huipokea naitraiti na kuigeuza naitreti. Hapo safari ya kemia husimama na safari ya maji huanza. Chembe za udongo hushika vitu vingi, lakini naitreti haishikiki kwa urahisi. Huyeyuka na kufuata maji popote yaendako. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Maji yenye naitreti yanaweza kuwa meupe pe, matamu na ya baridi.

Hesabu yake inatisha kidogo, nami napenda hesabu. Kwa chakula cha watu wetu, mtu mmoja hutoa takriban kilo 2 na nusu za naitrojeni kwa mwaka. Nyumba ya watu 20, na Kariakoo hiyo si nyumba kubwa, hutoa kilo 50. Zikigeuka zote kuwa naitreti hupatikana zaidi ya kilo 220. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 50 za naitreti kwa lita. Basi naitreti ya nyumba moja kwa mwaka mmoja inatosha kuzifikisha kwenye kikomo lita milioni 4 na laki 4 za maji. Si yote inayofika kisimani. Nyingine hupotea hewani, nyingine huliwa na bakteria wa matope wasiohitaji hewa, ambao huirudisha kuwa naitrojeni tupu. Lakini zidisha kwa nyumba za mtaa, kisha kwa miaka zaidi ya mia moja, uone deni lilivyolala chini ya miguu yetu.

Kwa muda mrefu deni hilo halikuulizwa, kwa kuwa mji ulijaribu kuacha visima. Mtambo wa Ruvu Juu ulianza kazi mwaka 1959, na wa Ruvu Chini mwaka 1976. Maji ya bomba yakaja, na watu wakayaita maji baridi kuyatofautisha na maji ya chumvi ya kisimani. Ila mji ulikua haraka kuliko mabomba. Mwaka 1997 ukame ulipobana, visima virefu vilichimbwa kwa wingi, vya serikali na vya watu binafsi, na tangu hapo kelele za mashine za kuchimba hazijaisha. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabu mkoa wa Dar es Salaam kuwa na watu zaidi ya milioni 5. Mwishoni mwa mwaka huo huo Mto Ruvu ulipungua, maji yakatolewa kwa mgawo, na mikokoteni ya madumu ikarudi barabarani.

Wakati huo huo nyumba za vyumba sita zilikuwa zinabomolewa. Juu ya kiwanja kile kile palipokuwa na familia tatu ikasimama ghorofa ya orofa nane au kumi, maduka chini, stoo katikati, watu juu. Mkandarasi akichimba msingi hukuta shimo la zamani, hulifukia kwa kifusi na kuendelea. Kisha, kwa kuwa bomba halipandi hadi orofa ya juu, huchimba kisima kirefu pembeni na kuweka pampu. Mwaka 2002 mtaalamu wa Kitanzania, Rubhera Mato, alitoa tasnifu yake katika chuo kikuu cha Eindhoven, Uholanzi, kuhusu uchafuzi wa maji ya chini ya Dar es Salaam, na naitreti ilikuwamo katika aliyoyapima. Jambo lenyewe basi halikufichwa. Lilikaa kwenye vitabu, na sisi tukakaa kwenye ghorofa.

Kuhusu maji sisi tulilelewa na fundisho moja: chemsha. Ni fundisho zuri, na lina uhusiano na mji huu, kwani Robert Koch, daktari wa Kijerumani aliyekitambua kidudu cha kipindupindu, alikuwa hapa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 akichunguza malaria. Kipindupindu kilipoturudia mara kwa mara tangu miaka ya 1970, kuchemsha kuliokoa maisha ya wengi, nami nitamgombeza yeyote atakayesema watu waache. Lakini moto huua kilicho hai. Naitreti haiko hai. Maji yakichemka hutoka mvuke, naitreti hubaki, na sufuria iliyochemshwa hadi nusu ina naitreti maradufu katika kila kikombe.

Mwaka 1945 daktari mmoja wa Iowa, Marekani, jina lake Hunter Comly, aliandika kuhusu watoto wachanga waliogeuka rangi ya buluu baada ya kunyweshwa maziwa yaliyochanganywa na maji ya kisima. Visima vyao vilikuwa vya shamba, karibu na mazizi. Tumboni mwa mtoto mchanga naitreti hurudi kuwa naitraiti, naitraiti huingia katika damu, na damu hupoteza uwezo wa kubeba oksijeni. Mtoto anapumua, hewa ipo, lakini mwili haupati kitu. Walio hatarini zaidi ni wa chini ya miezi sita wanaonyweshwa kwa chupa. Maziwa ya mama hayapitishi naitreti kiasi cha kudhuru. Madaktari wa baadaye waliongeza kwamba mtoto anayeharisha huumia upesi zaidi. Na kwa ngozi yetu mtu asitafute buluu mashavuni, atazame midomo, ulimi na kucha. Dawa yake hospitalini, ajabu ya Mungu, nayo ni rangi ya buluu, methilini buluu, ambayo huirudishia damu kazi yake.

Hiyo ndiyo sababu nilisimama siku moja kwenye ngazi za ghorofa ninayokaa, nilipomkuta binti wa orofa ya tatu ameshika chupa ya mtoto. Mwanawe alikuwa na miezi minne, na yeye alikuwa amekwisha kurudi dukani kuuza vitambaa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mama. Maziwa hayo umechanganya na maji gani?"

"Ya kisima, babu, bomba halijatoka tangu Jumatatu. Lakini nimeyachemsha sana, mpaka yamebaki nusu. Nataka vijidudu vyote vife."

Alisema kwa fahari, kama mwanafunzi aliyejibu sawasawa, na kwa kweli alijibu sawasawa na alivyofundishwa. Nilimwomba asimnyweshe kwanza. Nilipanda kwangu nikaleta kifurushi cha vijikaratasi nilivyopewa na rafiki anayefundisha kemia. Ukikichovya kimoja katika maji na kusubiri dakika moja, kikibaki cheupe ni salama, kikigeuka waridi ipo naitreti, na kadiri waridi inavyoiva ndivyo ilivyo nyingi. Tulisimama wawili ngazini tukikitazama. Kiligeuka kuiva kupita rangi ya mwisho niliyoitaka. Nikatoa maji ya chupa ya duka niliyokuwa nayo, akachanganya upya.

Tangu siku hiyo niliyasoma kwa bidii yote yanayohusu namna ya kuitoa naitreti katika maji, na humo ndimo nilimokutana na habari ya madini mawili iliyonipendeza mno, kwa kuwa ni kisa chenye kurudi nyuma.

Mwaka 1909, reli ya Wajerumani ikiwa imekwisha fika Morogoro, huko kwao Karlsruhe mkemia Fritz Haber alionyesha jinsi ya kuikamata naitrojeni ya hewani na kuiunganisha na haidrojeni ikawa amonia, kwa msaada wa madini. Mwaka 1913 Carl Bosch na wenzake walikuwa wameifanya kazi hiyo kuwa kiwanda kizima huko Oppau, wakitumia chuma. Chuma hicho hakiliwi na kazi. Ni kichocheo, kinawakutanisha wawili wasiopendana, kisha kinajitoa. Mshenga, kwa lugha yetu. Toka hapo dunia ilipata mbolea bila kikomo, na mashamba ya Ulaya na Marekani yakamwaga naitreti katika visima vyao kama vyoo vyetu vinavyofanya katika visima vyetu.

Miaka 80 baada ya Haber, mwaka 1989, Wajerumani wengine wawili, Klaus-Dieter Vorlop na Thomas Tacke wa Braunschweig, walichapisha namna ya kuitoa naitreti katika maji ya kunywa kwa mshenga wa pili. Walichukua chembe ndogo zilizopakwa paladiamu na shaba, wakapitisha maji yenye naitreti juu yake pamoja na gesi ya haidrojeni. Shaba ndiyo inayoanza: inaishika naitreti na kuinyang'anya oksijeni moja, ikabaki naitraiti. Paladiamu, ambayo hupenda haidrojeni kama sifongo inavyopenda maji, inamalizia: inaondoa oksijeni iliyobaki, na naitrojeni zikikutana mbili mbili zinaondoka hewani. Yaani kile Haber alichokishusha kutoka angani kinarudishwa angani. Maji hubaki maji.

Uzuri wa njia hii utaonekana ukiilinganisha na nyingine. Mashine za chujio la shinikizo, zile zinazouzwa sasa kwa wenye uwezo, na zile za kubadilishana chumvi, haziiangamizi naitreti. Zinaitenga. Upande mmoja unapata maji safi na upande wa pili maji taka yenye naitreti maradufu, ambayo lazima yamwagwe mahali. Katika Mchafukoge mahali hapo ni chemba ya barabarani, na chemba ya barabarani sote tunaijua. Njia ya shaba na paladiamu peke yake, ukiacha ile ya bakteria wa matope, ndiyo inayolifuta deni badala ya kulihamisha.

Nilimweleza habari hizi fundi mmoja wa vipuri vya magari huko Gerezani, nikitaka kumwona akishangaa. Hakushangaa. Aliingia ndani akatoka na kopo la chuma lililokatwa kutoka bomba la moshi la gari la Kijapani, ndani yake kigae chenye matundu kama sega la nyuki. "Paladiamu unayoisema si hii, mzee?" akaniuliza. Ndiyo hiyo, pamoja na platinamu na rodiamu. Katika gari kazi yao ni ya ukoo ule ule, maana rodiamu hasa huzivunja gesi mbaya za naitrojeni katika moshi na kuziacha naitrojeni tupu. Kila gari la mtumba linaloteremshwa bandarini likiwa halijang'olewa kopo hilo limeleta mshenga huyo. Na shaba? Shaba ya Zambia na Kongo inapita mjini humu kila siku ikielekea melini. Kwa hiyo madini yote mawili tunayo, hatua chache kutoka kisimani, moja likihudumia moshi na jingine likisubiri kupakiwa. Fundi alilipima kopo kwa mkono, akanitajia bei wanayolinunulia wakusanyaji, nami nikaelewa kwa nini magari mengi ya mjini yananguruma siku hizi.

Lakini nisimdanganye msomaji kwamba tutang'oa makopo tukayatumbukiza kisimani. Chembe za maji hutengenezwa kwa namna nyingine, na kazi yake ina masharti. Sharti la kwanza ni kwamba naitrojeni ikutane na naitrojeni. Haidrojeni ikizidi, au maji yakiwa na magadi mengi, inakutana na haidrojeni badala yake na kuwa amonia, na sasa tumeondoa kitu kimoja kibaya tukaweka kingine. Kazi yenyewe huzalisha magadi, kwa hiyo wataalamu huingiza gesi ya kaboni dayoksaidi kuyatuliza, au hutumia asidi ya fomiki inayotoa haidrojeni na gesi hiyo kwa pamoja. Wengine wameweka stani au indiamu mahali pa shaba, kwa matokeo mazuri. Sharti la pili ni usafi wa maji: salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza, humuua mshenga kabisa, na chumvi ya kawaida humgombania nafasi. Visima vyetu vya karibu na bahari ndivyo vyenye chumvi. Sharti la tatu ni fedha. Paladiamu huuzwa kwa wakia kama dhahabu, na kati ya mwaka 2019 na 2021 ilikuwa ghali kuliko dhahabu. Na haidrojeni ni gesi inayolipuka; mimi binafsi nisingependa mtungi wake uwekwe chini ya ngazi zetu karibu na jiko la mkaa la mlinzi.

Kwa sababu hizo njia hii, zaidi ya miaka 30 tangu Braunschweig, imebaki zaidi katika maabara na mitambo ya majaribio. Siidharau kwa hilo. Chuma cha Haber kilipata kiwanda kwa miaka minne kwa kuwa mbolea, na baadaye baruti, zilikuwa na wanunuzi wenye haraka. Mtoto wa miezi minne wa orofa ya tatu si mnunuzi mwenye haraka. Hapa kwetu tumeona kwamba akili haikosekani: Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alipata mwaka 2015 tuzo ya uhandisi ya Afrika kutoka Uingereza kwa chujio lake la mchanga na chembe ndogo sana, linalotengenezwa kwa kufuata ubaya wa maji ya mahali. Wazo hilo la kuuliza kwanza maji haya yana nini ndilo ninalolitamani kwa Mchafukoge. Sisi tunauliza kama maji yapo.

Wako watakaoniambia kwamba dawa ni kujenga mabomba ya maji taka na kuacha kemia. Nakubaliana nao nusu. Mabomba yatazuia deni lisikue, na yangepaswa kujengwa miaka 100 iliyopita, wakati waliopima viwanja walipoona ni muhimu zaidi kupima umbali wa mtu na mtu kuliko umbali wa choo na kisima. Lakini naitreti iliyokwisha kushuka haitapanda kwa kuwa bomba limejengwa. Maji ya chini hutembea polepole, na penye mchanga wenye hewa hakuna wa kuila. Hata kama mashimo yote yangefungwa leo, visima vya mtaa huu vingeendelea kuutoa mkojo wa watu waliokwisha kufa. Kwa maji ya namna hiyo ndiyo nawaona akina Vorlop wana haki ya kusikilizwa, si kwa mji mzima, bali kwa kisima kimoja kimoja ambacho watu hawana budi kukitumia.

Katika ghorofa yetu mambo yalikwenda kwa njia fupi zaidi. Niliwaita wapangaji, tukamfuata mwenye nyumba na kijikaratasi cha waridi mkononi. Ni mtu wa hesabu, hakubishana. Aliuliza bei ya mashine ya chujio, nikamweleza na habari ya maji yanayotupwa. Akauliza bei ya madini, akacheka. Mwishowe alinunua tangi la pili, akaliweka chini, likawa linajazwa maji ya bomba usiku yanapotoka, na akatoa amri kwamba hilo ni la kunywa na kupikia tu. Juu ya bomba la kisima aliandikisha kwa rangi nyekundu: SI YA KUNYWA. Mama wa orofa ya tatu huteka dumu lake kila asubuhi kabla ya kwenda dukani, na huyachemsha, ila siku hizi huzima moto mara tu yanapochemka. Mtoto anatembea, na anajua kuita babu.

Maji ya kisima tunadekia na kusukumia choo. Kutoka chooni yanateremka hadi kwenye chemba mbele ya duka la vitambaa, na masika yakija, chemba ikifurika, yanatandaa barabarani siku mbili tatu na kurudi mchangani.